Kabla Hujaondoka Nalo

Nyanjige, fedha nimezihesabu, zimetimia.
Sasa kaa hapo kwenye ngazi, unisikilize.
Nimelivuta tela hili miaka kumi na mmoja,
mwalo hadi mwalo, nikipima sangara kwa rula
na kulala humo humo na harufu yao.
Halina siri. Lina tabia.

Anza na matairi.
Fundi wa Nyakato atakusifia kashata;
wewe inama, soma tarehe ubavuni.
Tairi huzeeka hata likiwa limekaa,
muulize aliyestaafu.

Mzigo mzito, mtungi, ndoo za maji, gunia la udaga,
uweke mbele ya ekseli, mbele kidogo tu.
Mimi niliwahi kurundika kila kitu nyuma;
nilipoipita Kisesa nikiteremka,
tela likaanza kutikisa mkia
kama mbwa aliyemwona bwana wake.
Likikufanyia hivyo usikanyage breki,
usipigane na usukani.
Ondoa mguu kwenye mafuta, ungoje,
hata kama roho imeshashuka garini kabla yako.

Minyororo ipishanishe chini ya ndoano,
kama mikono ya mtu anayesikia baridi.
Ndoano ikichomoka, shingo itaangukia humo,
haitalamba lami.

Gesi funga kabla ya safari. Kila safari.
Hata ya kwenda Igoma kununua nyanya.

Ukifika Usagara simama.
Kaza nati upya, kisha gusa kitovu cha kila gurudumu
kwa kiganja, kama unavyopima homa ya mtoto.
Joto la uji uliopoa, nenda.
Likikuunguza, grisi imekwisha,
na huko mbele hakuna atakayekuonea huruma.

Kurudi nyuma.
Hapo ndipo ndoa nyingi hukwama.
Pale kivuko cha Kamanga, marehemu Lubango
alisimama nyuma akipunga mikono yote miwili:
«Kushoto! Siyo huko, kushoto kwangu!»
Abiria wakateremka kuja kutazama,
muuza mahindi akaacha kuchoma.
Hatukusemezana mpaka Sengerema.
Dereva wa trekta la pamba ndiye aliyenifundisha baadaye:
shika usukani chini kabisa, mkono mmoja;
unakoupeleka mkono, ndiko mkia unakokwenda.
Kitu chenyewe ni hicho tu.
Lubango tulikuwa tumeshamzika Nansio.
Hadi leo nikiingiza gia ya nyuma namsikia,
kushoto kwangu,
na mara nyingine namtii, nagonga ukuta.

Usiku usiegeshe kwenye udongo mweusi wa mbuga,
hata ukiwa mkavu unaita vumbi.
Mvua moja tu, na utakaa hapo hadi wakuzoee.
Tafuta mwamba; Mwanza hatujanyimwa miamba.
Weka mawe kwenye magurudumu kwanza,
ndipo ufungue ndoano. Siyo kinyume chake.
Nilifanya kinyume chake Lamadi,
likaenda ziwani bila mimi,
likasimamia kwenye matete, maji yakiwa magotini.

Kuna njia ya nyasi zilizolala, pana, laini,
utadhani imetengenezwa kwa ajili yako.
Ni ya kiboko. Mwachie.

Wale wadudu wa ziwani wakipanda kama moshi,
zima taa, funika sufuria, uwe mvumilivu.
Wenyeji wataamkia kwako.
Sema mwangaluka kabla hujauliza maji yako wapi,
na usimpige picha mtu anayeparua dagaa.

Nini tena?
Mlango hukwama masika.
Usiuvute. Usukume kwanza kwa goti,
kisha ndiyo uvute.
Rula yangu bado iko ukutani, juu ya kitanda.
Usiing'oe, mwanangu.
Siyo kumbukumbu.
Inashikilia bati.